Nauli Iliyotangulia Meli

Jumanne tarehe 24 Juni 1902, zikiwa zimebaki siku mbili Edward wa Saba atawazwe kuwa mfalme wa Uingereza, madaktari walimlaza mezani katika jumba la Buckingham na kumpasua tumbo. Ugonjwa wa kidole tumbo ulikuwa umezaa jipu, na Frederick Treves ndiye aliyeshika kisu. Mfalme alipona, na akatawazwa tarehe 9 Agosti. Lakini jiji la London lilikuwa limekwisha kulipiwa kwa ajili ya Juni. Vyumba vyenye madirisha ya kutazama msafara vilikuwa vimekodishwa kwa bei ya kuruka, majukwaa ya mbao yalikuwa yamesimamishwa barabarani, na watu wa kila namna walikuwa wametoa arubuni kwa siku ambayo sasa haingefika.

Miongoni mwao alikuwamo bwana mmoja aitwaye Hutton. Yeye hakukodi dirisha, alikodi meli. Tarehe 28 Juni mfalme alitarajiwa kukagua manowari zake katika maji ya Spithead, karibu na Portsmouth, na Hutton aliona biashara ndani yake. Aliingia mkataba na kampuni moja ya mji mdogo wa Herne Bay, pwani ya Kent, impe meli yake ya mvuke, Cynthia, kwa siku mbili. Angepakia abiria wa kulipa, wakatazame ukaguzi, kisha wazizunguke zile manowari moja baada ya nyingine. Bei ilikuwa pauni 250. Alitoa 50 papo hapo, na zile 200 zingelipwa kabla meli haijaondoka Herne Bay.

Ukaguzi ukafutwa. Wenye meli wakampelekea Hutton simu ya maandishi wakiuliza maagizo na kudai salio, naye hakujibu. Basi siku hizo mbili wakaitumia Cynthia kwa safari zao za kawaida, kisha wakamfungulia kesi. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufani ilimwambia Hutton alipe, akikatiwa tu kile ambacho wenye meli walikichuma siku hizo. Hoja ya majaji ilikuwa rahisi, na kwa abiria wa leo bado ni chungu: mfalme hakuja, ni kweli, lakini meli ilikuwapo, bahari ilikuwapo, na manowari zilikuwa zimetia nanga palepale. Kuzizunguka kuliwezekana. Hatari ya sherehe kutofanyika ilikuwa yake Hutton mwenyewe.

Kesi nyingine ya msiba uleule ilikwenda mbali zaidi. Chandler alikuwa amekodi chumba katika mtaa wa Pall Mall kwa pauni 141 na shilingi 15, akatanguliza 100. Mwaka 1904 mahakama iliamua kwamba zile 100 hazirudi, na kwamba salio la pauni 41 na shilingi 15 anadaiwa bado, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuiva kabla mfalme hajaugua. Hasara ilibaki pale ilipoangukia. Sheria hiyo iliwakaba Waingereza hadi mwaka 1942, Bunge la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilipoipindua katika shauri la kampuni ya Kipolandi iliyolipia mashine kabla vita havijazuka. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya mikataba iliyovunjwa na majaliwa. Kwa karibu miaka 40, aliyelipa mapema alikuwa mtu asiye na pa kushika.

Historia ya bima ya safari za meli husimuliwa kwa dhoruba, miamba na moto, na kwa kiasi hicho hupotosha. Ukiangalia ni wapi abiria wa kawaida amepoteza fedha zake, bahari haina lawama katika sehemu kubwa ya hasara hizo. Zimetokea nchi kavu, katika ule mwanya ulio kati ya siku ya kulipa na siku ya kung'oa nanga. Mwanya huo ukiwa wa wiki moja, mengi hayawezi kutokea. Ukiwa wa mwaka mmoja na nusu, kama ulivyo leo kwa anayeweka nafasi katika safari ya kuizunguka dunia, humo mtu huugua, hufiwa, hupoteza kazi, vita huzuka, na kampuni ya meli yenyewe hufilisika.

Kwamba muda una bei, wafanyabiashara wa baharini walilijua zamani sana. Katika hotuba moja ya kesi iliyohifadhiwa pamoja na maandishi ya Demosthenes wa Athens, karne ya nne kabla ya Kristo, umo mkataba mzima wa mkopo wa meli. Wakopeshaji walitoa drakma 3,000. Wakopaji wangenunua mitungi 3,000 ya divai ya mji wa Mende, waipeleke Bahari Nyeusi, warudi na shehena nyingine. Meli ikizama, deni linakufa nayo. Ikirudi salama, wanalipa mkopo pamoja na faida ya drakma 225 kwa kila 1,000. Lakini wakichelewa kuondoka huko hadi ile nyota Arkturo ionekane alfajiri, katikati ya Septemba, faida inapanda hadi 300, maana bahari ya vuli si ya kiangazi. Nahodha wa Lamu au wa Sur kule Oman asingehitaji kufafanuliwa kifungu hicho. Aliyeishi kwa kaskazi na kusi alijua kuwa siku chache za kuchelewa zingemfunga bandarini msimu mzima.

Hata hivyo mkataba ule ulimlinda mwenye mtaji. Abiria, yule aliyelipa ili apelekwe tu, alikuwa wapi?

Anaonekana vizuri Venice, karne ya 15, akiwa na fimbo na mfuko wa hija. Felix Fabri, mtawa wa Kidominiko kutoka Ulm, Ujerumani, alisafiri kwenda Nchi Takatifu mara mbili, mwaka 1480 na 1483, akaandika kila kitu. Katika safari ya pili yeye na wenzake walipatana na nahodha wa merikebu, na mapatano yakaandikishwa mbele ya maofisa wa serikali ya Venice. Nauli ilikuwa dukati 40 kwa mtu, nusu ikilipwa Venice na nusu wakifika Jaffa. Nahodha aliahidi kuwapa mahali pa kufugia kuku wao melini na kuwaruhusu wapishi wao kutumia jiko. Kisha kikaja kifungu ambacho wakili yeyote wa leo angekipigia mstari: hujaji akifa njiani, nahodha asiguse mali yake, na akifa kabla ya kuiona Nchi Takatifu, nusu ya fedha iliyokwisha kupokewa irudishwe kwa wasimamizi wa mirathi yake.

Hiyo si bima kwa maana kamili, lakini ina mambo mawili ambayo abiria wa baadaye waliyapoteza kwa muda mrefu. Malipo yaligawanywa ili msafiri asitangulize kila kitu, na dola lenyewe lilikuwa shahidi. Venice haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mahujaji walikuwa chanzo kikubwa cha mapato, na sifa mbaya ingewapeleka bandari nyingine.

Waingereza wa zama za Shakespeare walikuwa na desturi ya ajabu zaidi. Anayekwenda mbali aliweka fedha kwa mtu, na akirudi hai alilipwa mara tatu, wakati mwingine mara tano. Asiporudi, fedha ilikuwa ya yule aliyeipokea. Shakespeare aliitaja desturi hiyo katika The Tempest, na watazamaji wake walielewa mara moja. Fynes Moryson, msafiri aliyeandika kitabu kikubwa cha safari zake, aliweka pauni 100 kwa ahadi ya kupata 300 akirudi kutoka Jerusalem. Ndugu yake Henry alikuwa na moyo zaidi, akaweka 400. Waliondoka pamoja. Henry alikufa njiani mwaka 1596 katika nchi ya Antiokia, na zile 400 zikaenda kwa waliopokea dau. Hapo msafiri ndiye aliyebeba hatari yote, na familia yake ikapata msiba na hasara kwa siku moja.

Bima yenyewe, wakati huohuo, ilikuwa imekwisha kukomaa kwa ajili ya wengine. Mkataba wa bima ya baharini ulio wa kale kuliko yote inayojulikana uliandikwa Genoa mwaka 1347, kwa ajili ya safari ya meli Santa Clara kwenda Majorca. London, miaka ya 1680, mkahawa wa Edward Lloyd ulikuwa kituo cha manahodha na matajiri waliotia sahihi zao chini ya hati za bima. Katika soko la Lloyd's lililochipuka humo ziliandikwa hati za sukari, pamba, dhahabu na, aibu yake haifutiki, za binadamu waliofungwa minyororo kama shehena. Mtu aliyekata tiketi ya kusafiri hakuwa na hati ya kuandikiwa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kabisa baada ya Aprili 1912. Titanic ilikuwa imekatiwa bima ya pauni milioni 1, na soko la Lloyd's liliwalipa wenye meli katika muda wa siku 30 hivi. Abiria na familia zao walisubiri miaka minne. Wenye meli walikwenda mahakamani New York wakijikinga kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1851, iliyosema kwamba dhima ya mwenye meli haizidi thamani ya kile kilichobaki baada ya ajali pamoja na nauli ya safari ile. Kilichobaki kilikuwa mashua za kuokolea. Zikijumlishwa na nauli, hesabu ilifika kama dola 92,000. Madai yalikuwa ya takriban dola milioni 16. Charlotte Cardeza wa Philadelphia, abiria aliyenusurika, aliorodhesha gauni kwa gauni na kofia kwa kofia mizigo ya zaidi ya dola 177,000. Yeye peke yake alipita dari lote. Mwaka 1916 wakapatana dola 664,000 kwa wadai wote.

Mzizi wa bima ya msafiri, kumbe, haukuota baharini. Uliota kwenye vituo vya treni. Mwaka 1849 kampuni ya Uingereza ya bima ya abiria wa reli ilianza kuuza hati za bima palepale kwenye dirisha la tiketi. Abiria wa daraja la kwanza alilipa senti tatu za Kiingereza, na akifa ajalini familia ilipata pauni 1,000. Wa daraja la pili alilipa mbili kwa pauni 500, na wa tatu moja kwa pauni 200. Mmarekani James Batterson, mfanyabiashara wa mawe kutoka Hartford, aliyaona hayo Uingereza, na mwaka 1864 kampuni yake, Travelers, ikaanza kazi. Inasimuliwa kwamba mteja wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa benki aliyekutana naye posta, akalipa senti mbili akatiwe bima ya dola 1,000 kwa mwendo wa miguu kutoka hapo hadi nyumbani kwake.

Bima hiyo ya dirishani iliishi zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1950 viwanja vya ndege vya Marekani vilikuwa na mashine za kuuza bima: unatumbukiza sarafu, unaandika jina, unatoka na karatasi. Mwaka 1955, huko Denver, Jack Gilbert Graham alimnunulia mama yake bima za aina hiyo, baada ya kuficha bomu katika sanduku lake. Ndege ililipuka na watu 44 wakafa. Graham aliuawa kwa gesi ya sumu kwa hukumu ya mahakama mwaka 1957.

Tangu senti tatu za reli hadi mashine za Denver, wauzaji waliuza kitu kimoja: ajali ya siku ya safari. Mtu alinunua mguu mmoja ukiwa tayari garini. Safari za meli za starehe hazikuingia katika kiatu hicho, kwa sababu zilitaka fedha miezi mingi kabla.

Tangu mwanzo zilikuwa hivyo. Tarehe 1 Februari 1867 lilitolewa tangazo huko Brooklyn, New York, la safari ya meli Quaker City, kwenda Ulaya, Misri na Nchi Takatifu. Nauli ilikuwa dola 1,250, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na nafasi ya abiria haikuhesabika kuwa yake mpaka amkabidhi mweka hazina asilimia 10. Meli ingeondoka Juni. Katika miezi hiyo minne, wale ambao majina yao yaliwavuta wengine walijitoa mmoja baada ya mwingine. Jenerali Sherman alibaki kwa ajili ya vita dhidi ya Wahindi Wekundu katika nyanda za magharibi. Mhubiri mashuhuri Henry Ward Beecher naye akaghairi. Waliolipa ili wakae meza moja na watu hao wakasafiri bila wao, pamoja na mwandishi kijana aliyelipiwa nauli na gazeti la San Francisco. Huyo alikuwa Mark Twain, na kitabu alichokiandika, The Innocents Abroad, ndicho kilichoipa safari hiyo umaarufu.

Huko mbele wakakutana na kikwazo kingine. Walipofika Piraeus, bandari ya Athens, waliwekwa karantini kwa hofu ya kipindupindu. Nahodha akaamua wasikae kungoja. Twain na wenzake wachache waliteremka usiku kwa siri, wakapanda hadi Akropoli kwa mwanga wa mwezi, wakarudi kabla hakujapambazuka. Waliobaki waliiona Athens kwa darubini. Nauli yao walikuwa wamekwisha kuilipa.

Mwaka 1891 Albert Ballin wa Hamburg aliipeleka meli Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania wakati wa baridi, msimu ambao meli zake za Atlantiki zilikosa abiria. Mwaka 1922 kampuni ya American Express iliikodi Laconia, meli ya Cunard, ikazungushwa dunia nzima. Biashara ilikuwa imezaliwa, nayo ilisimama juu ya fedha za watu waliolipa kabla. Kampuni ya meli hununua mafuta, huajiri mabaharia na hulipia bandari kwa nauli za safari ambazo bado. Mwenye tiketi, apende asipende, amekuwa mkopeshaji wa kampuni asiyelipwa riba, na kampuni ikianguka yeye husimama nyuma ya benki katika mstari wa wadai.

Sheria iliyotambua hilo ilizaliwa kwa moto. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1965 meli Yarmouth Castle, iliyoundwa mwaka 1927 na kusajiliwa Panama, iliungua ikiwa njiani kutoka Miami kwenda Nassau. Watu 90 walikufa. Mwaka mmoja baadaye Marekani ilitunga sheria namba 89-777. Wengi huikumbuka kwa vifungu vya usalama na vya fidia ya vifo, lakini kifungu chake cha tatu kiligusa jambo ambalo halikuwahi kuguswa: meli yenye vitanda vya abiria 50 au zaidi, inayopakia watu katika bandari ya Marekani, haiwezi kutangaza safari wala kuuza tiketi mpaka mwenye meli aithibitishie serikali kuwa ana dhamana ya kurudisha nauli ikiwa safari haitafanyika.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na inastahili sifa zaidi kuliko inazopata. Lakini dhamana hiyo iliwekewa dari. Kwa miaka mingi ilikuwa dola milioni 15 kwa kampuni, hata kampuni ambayo ilikuwa imekusanya mara kumi ya hizo, na ni tangu mwaka 2013 ndipo Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini ilipoanza kuipandisha hadi kupita milioni 30. Tena haimgusi anayepandia meli Barcelona, Dubai au Cape Town. Na ilichukua hadi Aprili 2022 kwa kanuni za Tume kusema waziwazi kwamba safari iliyofutwa, au iliyocheleweshwa siku tatu au zaidi na abiria akakataa kungoja, imehesabiwa kuwa haikufanyika na nauli irudi.

Makampuni yameanguka mara kwa mara. Premier Cruise Lines ilifungwa Septemba 2000, wadai wakizikamata meli zake na abiria wakiteremshwa katikati ya likizo. Septemba iliyofuata, wiki mbili hivi baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ikafa Renaissance Cruises. Januari 2022 meli Crystal Symphony, iliyokuwa ikirudi Miami, iligeuza njia kwenda Bimini, visiwa vya Bahamas, kwa sababu ilikuwa ikingojewa na amri ya mahakama ya kuikamata kwa deni la mafuta. Mwenyeji wa Mombasa ameona meli za mizigo zikikamatwa bandarini kwa madeni. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa na abiria ndani, wenye mabegi tayari mlangoni.

Kisa cha kusikitisha zaidi ni cha mwaka 2023. Safari ya miaka mitatu kuizunguka dunia, iliyopewa jina Life at Sea, ilikuwa iondoke Istanbul tarehe 1 Novemba. Wateja walikuwa wamelipa, na wengine walikuwa wamepangisha nyumba zao au kuuza mali ili wakaishi baharini. Kampuni haikuwa na meli. Ile iliyoitaka ilinunuliwa na wengine, na ndani ya mwezi huohuo wa Novemba abiria wakatangaziwa kwamba safari haipo.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ukurasa wake. Tarehe 5 Novemba 2005 maharamia katika mashua mbili waliivamia Seabourn Spirit kwenye bahari ya Somalia, wakaifyatulia roketi. Meli ilikuwa inakuja Mombasa. Iliponyoka, ikaelekea Ushelisheli. Baada ya hapo, na hasa uharamia ulipopamba moto kati ya 2008 na 2011, Mombasa na Zanzibar zilitolewa katika ratiba nyingi. Waongoza watalii, wenye mabasi na wauza vinyago walipoteza misimu mizima. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kadhaa ziache njia ya Suez. Abiria aliyelipia kuona magofu ya Luxor na Petra akaonyeshwa bandari nyingine badala yake, na mkataba wa tiketi, ambao karibu kila kampuni huuandika hivyo, ukaipa kampuni haki ya kubadili bandari bila kurudisha nauli. Hukumu ya Hutton ya mwaka 1903 ingali hai: meli ipo na bahari ipo.

Bima ya kughairi safari, ile inayolipa mtu anapozuiwa na ugonjwa au msiba kabla ya kuondoka, ndiyo bidhaa ya kwanza iliyolenga ule mwanya wenyewe. Ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20, pamoja na likizo za jumla zinazolipiwa mapema. Kikomo chake kilionekana mwaka 2020. Februari mwaka huo meli Diamond Princess ilizuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, na 712 kati yao wakapatikana na virusi vya korona. Tarehe 14 Machi Marekani ilisimamisha meli zote za utalii. Wenye bima walipodai, wengi waligundua mambo mawili: kwamba hofu ya kusafiri si sababu ya kulipwa, na kwamba kampuni nyingi za bima zilikuwa zimehesabu ugonjwa huo kuwa jambo linalojulikana tangu mwishoni mwa Januari. Aliyenunua bima siku alipoweka nafasi mwaka 2019 alikuwa na nguvu ya kudai ambayo aliyenunua Februari hakuwa nayo. Ndivyo ilivyo hata kwa vimbunga vya Karibiani: kimbunga kikishapewa jina, hakiuziwi tena bima.

Kwa hiyo anayelipa arubuni leo kwa meli ya mwakani, awe Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis, ana mambo machache ya kuyapa uzito kuliko bei. La kwanza ni tarehe ya kununua. Hati nyingi za Marekani husamehe ugonjwa uliokuwapo tangu zamani ikiwa tu bima imenunuliwa ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza, na ile ya kughairi kwa sababu yoyote, inayorudisha kati ya nusu na robo tatu ya gharama, ina sharti hilohilo. Uingereza, wengi hununua bima ya mwaka na kuiandika ianze siku ya kuondoka, wasijue kwamba miezi yote ya kungoja wamebaki bila kinga ya kughairi. Ianze siku ya kulipa.

La pili ni nani anayeiuza. Bima iliyoambatanishwa na tiketi na kampuni ya meli ni rahisi kuibofya, lakini kwa kawaida hailipi kampuni hiyohiyo inapofilisika. La tatu ni matibabu. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa Marekani, hailipii huduma melini meli ikiwa zaidi ya saa sita kutoka bandari ya nchi hiyo, na kumhamisha mgonjwa kwa ndege kutoka kisiwa cha mbali hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mzee anayealikwa na wanawe walioko ughaibuni katika safari ya aina hii anahitaji kinga hiyo kuliko chumba chenye baraza.

Na afya ikibadilika baada ya kununua, kampuni ya bima iarifiwe siku hiyo hiyo na ushauri wa daktari uwekwe kwa maandishi. Nauli isiyorudi huongezeka kadiri tarehe ya kuondoka inavyokaribia, na hati nyingi hulipa kwa kiwango cha siku ambayo safari ilipaswa kufutwa, si ya siku ambayo abiria alikata tamaa.